Gundi ya Selo la Hiral

Mwanza,
Jumapili, 3 Novemba 2024

Motabhai Ghanshyam,

Jai Shri Krishna. Heri ya mwaka mpya wetu kwako, kwa wifi yangu Rupal bhabhi na kwa wote mnaoishi hapo juu ya karakana. Sisi huku hatujambo. Diwali ilikuja na mvua, nusu ya taa zangu zilizimwa na upepo wa ziwa, na vitafunio nilivyokaanga vililainika kabla wageni hawajafika. Magoti yananisumbua kwenye ngazi za duka, lakini natembea. Mwanangu Hiral anakuamkia.

Naandika kwa Kiswahili, usinune. Kigujarati changu ulikuwa unakisahihisha kwa wino mwekundu nilipokuwa mdogo, na sina hamu ya kurudi darasani. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu tulikubaliana hivyo wenyewe, baada ya ile simu ya siku ya kumi na tatu ya msiba wa Ba. Kaka na dada kupigiana kelele mama hajapoa kaburini, au niseme majivu hayajapoa, ni aibu. Kwenye karatasi angalau hatukatizani.

Sasa jambo lenyewe. Kwa basi la kesho utapokea sanduku refu jeusi. Ndani yake mna selo la Hiral, ile fidla yake kubwa ya nyuzi nne, na ukilifungua usishtuke. Lilianguka kwenye ngazi za ukumbi wa parokia. Shingo ilichomoka nzima nzima kwenye mwili, na kifua, ubao wa mbele, kikaachia pembeni kiasi cha vidole vinne kila upande. Mbao hazikupasuka. Bruda Polycarp, aliyemfundisha mtoto huyu tangu ana miaka tisa, amelikagua akasema ni gundi tu iliyoachia, na kwamba ndivyo selo linavyoundwa: gundi iachie kwanza ili mbao zipone. Angelitengeneza mwenyewe, ila mikono inamtetemeka siku hizi.

Tarehe 15 Machi, hapo kwenu Dar, walimu wa chuo cha muziki cha nje watakuja kuwasikiliza vijana. Nafasi ya mpiga selo ni moja. Selo jingine Mwanza hii sijui pa kulitafuta. Kwa sasa Hiral anazoeza vidole kwenye ubao aliouchorea mistari minne kwa kalamu. Anafumba macho, anasogeza vidole, na hakisikiki kitu. Nikimkuta hivyo natoka chumbani, siwezi kumwangalia.

Najua hujawahi kushika selo. Lakini umetengeneza harmoniamu, vinanda vya upepo, miaka arobaini, na Bruda anasema anayehitajika ni mtu wa gundi na mbao nyembamba.

Humo sandukuni kuna kopo la punje za njano. Hiyo ndiyo gundi yake. Tumia hiyo tu, Bhai, usitumie nyingine yoyote. Namna ya kuipika nitakuandikia ukishanijulisha kwamba mzigo umefika.

Dada yako,
Harshida


Kariakoo,
24 Novemba 2024

Mdogo wangu Harshida,

Jai Shri Krishna. Mzigo ulifika salama, samahani kwa kuchelewa kujibu. Jirani wa kushoto wamebomoa nyumba ya zamani wanajenga ghorofa kumi, vumbi linaingia mpaka kwenye unga wa chapati na bhabhi yako anagombana na mafundi kila asubuhi. Mwanangu Bhavin anasema na sisi tubomoe. Nimemwambia asubiri nife kwanza. Mpe Hiral marahaba yangu.

Selo nililiweka juu ya meza ya baba yetu, Bapuji, nikakaa siku tatu nalitazama tu. Sikujua kuna watu wanafanya kazi namna hii. Kifua ni mbao laini ya jamii ya msonobari, mistari yake imenyooka kama imepigwa rula. Mgongo na mbavu ni mbao nyingine, ngumu, yenye mawimbi. Nimepitisha kidole pale palipoachia nikapima: katikati nene, pembeni nyembamba, na yote imekwanguliwa kwa mkono. Aliyeikwangua hakuwa na haraka ya kwenda kula. Ukingoni kote kuna utepe mweusi ambao nilidhani ni rangi, kumbe ni mbao nyembamba zilizochimbiwa humo, ili ufa ukianzia pembeni ukwame. Chini ya kifua, upande wa nyuzi nene, imebandikwa boriti ndefu. Shingo inaingia kwa ulimi wake kwenye pande la mbao lililofichwa ndani, halafu gundi peke yake ndiyo inayoishika. Hakuna msumari, hakuna skrubu. Nyuzi nne zinaivuta mchana na usiku, nayo inasimama kwa gundi tu.

Kulikuwa pia na kijiti kinabingirika humo ndani. Nilidhani ni takataka nikataka kukitupa. Aliyenizuia ni Leodegar, yule Mchaga wa fanicha wa mlango wa pili. Alisema kitu kilichochongwa mviringo kwa uangalifu ule hakikuingia humo kwa bahati mbaya. Niandikie kinakaa wapi.

Sasa kopo. Lebo yake imekwanguliwa kwa kisu, na aliyeikwangua alikuwa na haraka kuliko yule wa selo, maana kipande cha picha kimebaki, na kwenye kipande hicho naona pembe moja ya mnyama.

Harshida, punje hizi zimetokana na nini?

Kaka yako,
Ghanshyam


Mwanza,
15 Desemba 2024

Motabhai,

Jai Shri Krishna. Tumefurahi kwamba sanduku limefika, ingawa mimi nilishajua, kondakta aliniambia siku hiyo hiyo. Wewe ndiye umechukua wiki tatu. Pole kwa vumbi, na mwambie bhabhi mafundi wa ujenzi hawagombezwi, wanapelekewa chai. Hapa nyumbani Hiral haachi mazoezi. Ubao wake umefutika mistari kwa jasho la vidole, ameichora upya.

Kijiti kinasimama wima ndani ya selo, nyuma kidogo ya mguu wa daraja linaloinua nyuzi, upande wa nyuzi nyembamba. Kinabanwa kati ya kifua na mgongo na hakitiwi gundi kabisa. Bruda anakiita roho. Ungekitupa, nyuzi zingekibonyeza kifua mpaka kizame.

Umeniuliza kuhusu kopo. Ni gundi, Bhai. Inapikwa hivi: loweka punje kwenye maji baridi mpaka zivimbe na kulainika. Halafu weka chombo chake ndani ya chombo kingine chenye maji, moto uwe mdogo. Maji yasichemke. Ukitia kidole kikavumilia, hapo ndipo. Ikichemka inakufa nguvu. Ukiinua brashi, gundi ishuke kama uzi usiokatika. Ikidondoka matone imekuwa nyepesi, ikishuka kwa mabonge imekuwa nzito. Zima feni, pasha mbao joto kidogo, paka, bana, usizungumze na mtu mpaka umemaliza, kwa sababu haikusubiri. Na ukiloweka usikawie kupika. Kwa joto la Dar siku ya nne imeshaoza.

Tafadhali, iwe imekwisha katikati ya Januari. Anahitaji miezi miwili na nyuzi za kweli.

Harshida


Kariakoo,
12 Januari 2025

Harshida,

Jai Shri Krishna. Keshokutwa ni Uttarayan, sikukuu ya kurusha tiara, wajukuu wananunua tiara na mimi nazuia wasipande juu ya paa la bati. Afya zetu nzuri, ila bhabhi yako ana mafua.

Selo nimelimaliza na nimelikabidhi kwa basi leo. Shingo imekaa sawasawa, nimeipima kwa kamba kutoka kichwa mpaka mguu wa chuma. Kijiti nimekisimamisha kwa waya nilioupinda mwenyewe, kazi ya jasho, kupitia lile tundu lenye umbo la nyoka. Leodegar alikuja kutazama akasema hata yeye asingejua palipokuwa pameachia. Gundi imeshika vizuri.

Maelezo yako ya kupika yalinishangaza. Ni maneno ya mtu aliyeshika brashi. Sikujua Bruda ana ulimi mzuri hivyo.

Ghanshyam


Mwanza,
2 Februari 2025

Motabhai,

Jai Shri Krishna. Natumai bhabhi amepona mafua. Sisi hatujambo kwa mwili.

Selo lilipofika Hiral hakula. Alikaa nalo siku nzima, na mimi nilifunga duka mapema nikakaa kwenye ngazi kusikiliza. Nilikuombea kwa jina. Nataka ujue hilo kabla sijaandika yanayofuata.

Wiki ya kwanza mambo yalikuwa shwari. Wiki ya pili alianza kulalamika kwamba vidole vinauma. Nikasema ni ulegevu wa kukaa bila kupiga. Kisha Bruda akaniita, akachukua njiti za kiberiti, akazipitisha kati ya uzi mnene na ncha ya ubao wa vidole. Zilipita njiti nne. Juzi zilipita tano. Leo asubuhi sita, na Hiral anabonyeza kwa nguvu zote, uzi hauguswi na ubao. Kama unavyonijua nilitafuta sababu nyingine. Nikasema daraja ni refu, nikasema ni unyevu. Bruda akanionyesha kwa kucha: pale shingo inapoingia mwilini pamefunguka mstari mwembamba. Shingo inainama mbele, Bhai. Kidogo kidogo, kila siku.

Bruda anasema gundi ya punje haifanyi hivyo. Hiyo hushika au huachia, basi. Inayonyumbuka polepole kwa joto ni nyingine.

Barua yako ilisema gundi imeshika. Haikusema gundi gani. Nijibu kwa basi la kesho, usinizungushe. Zimebaki wiki sita.

Harshida


Kariakoo,
11 Februari 2025

Harshida,

Jai Shri Krishna. Bhabhi yako amepona.

Nilianza barua mbili nikazichana. Ya kwanza ilisema ni joto la buti la basi. Ya pili ilisema Hiral amezikaza nyuzi kupita kiasi. Hii ya tatu nasema ukweli: nilitumia gundi nyeupe ya dukani, ile tunayotumia sisi sote hapa Msimbazi, ile niliyogundishia harmoniamu zangu zote. Haijawahi kuniangusha. Harmoniamu lakini haina kitu kinachoivuta mchana na usiku, na hilo sikulifikiria. Nimemkosea mtoto. Nakiri.

Lakini na wewe ukiri. Nililoweka punje chache kwenye kikombe nikanusa. Sikuhitaji hata ile pembe. Ni ngozi ya ng'ombe. Ulijua, ukakwangua lebo, ukaniandikia kwamba ni gundi, kama mtu anavyomlisha mtoto dawa ndani ya ndizi. Wewe, binti wa nyumba hii, uliyekula viazi na dengu kwenye sahani ile ile niliyolia mimi. Ulitaka niipike mbele ya picha ya mungu wetu Shrinathji, kwenye meza ya Bapuji, mahali ninapowasha taa kila asubuhi kabla sijashika msumeno.

Ulikuwa umeshaolewa Mwanza Bapuji alipokuwa anakata roho, kwa hiyo nitakueleza. Alinishika mkono huu wa kulia akasema, "Ng'ombe asiingie kwenye karakana yangu. Si nyama yake, si ngozi yake, si mfupa wake." Nikala kiapo. Ngozi ya mbuzi kwenye mifuko ya upepo ya harmoniamu aliikubali, nayo nafanya hivyo hivyo. Ng'ombe hapana. Nimekitunza kiapo kile miaka thelathini na moja. Usiniambie ni kitu kidogo.

Niambie jingine lolote la kufanya, nitafanya.

Ghanshyam


Mwanza,
15 Februari 2025

Motabhai,

Jai Shri Krishna. Barua hii anakuletea Hiral mwenyewe, pamoja na selo. Mpe chumba cha nyuma kisicho na vumbi. Asiisome.

Ndiyo, nilijua. Niliikwangua lebo kwa kisu cha kukatia embe, na ninaona haya kwa hilo. Lakini barua yako ya Januari iliniuliza, kwa kuzunguka, Bruda ameupata wapi ulimi ule. Bruda hakuniambia hata neno moja la mapishi. Alinipa kopo akasema fundi atajua. Yale maneno ni ya Bapuji.

Nilikuwa na miaka tisa. Kila Alhamisi Ba alikwenda hekaluni na wewe ulikuwa shule mpaka saa tisa. Bapuji alileta vipande vya ngozi kwenye gunia kutoka machinjioni, akafunga mlango wa uani, akanikalisha kwenye kigoda mbele ya jiko la mkaa. Alinipa mwiko. Alinionyesha kidole kinavyovumilia na uzi unavyoshuka kwenye brashi. Gundi nyeupe ilikuwa bado haijafika madukani, na bila gundi ile hakuna harmoniamu. Nilichochea miaka minne. Harmoniamu ya hekalu, ambayo Ba alikuwa akiigusa na kisha kujigusa paji la uso, gundi yake niliichochea mimi. Halafu nilinawa kwa sabuni na majivu mpaka ngozi ikapasuka, na Ba akiniuliza nilisema ni ukurutu.

Siku moja nilimuuliza mbona Bhai hachochei. Alikuwa anabana mbao, hakugeuka. Akasema, "Ghanshyam ndiye atakayewasha taa nikifa. Lazima mmoja wenu abaki safi."

Nilikuwa na miaka tisa, Bhai. Nililielewa neno lile vizuri sana, na sijawahi kulisahau hata siku moja. Mmoja abaki safi, na mwingine achochee. Ulipata wewe karakana, meza, taa, na jina mlangoni. Mimi nilipata mume mwema Mwanza, sikulalamika, na nilimwapia Bapuji sitasema. Nimekaa kimya miaka arobaini na tisa. Kiapo chako alikutaka ukile baada ya gundi nyeupe kufika, alipokuwa hanihitaji tena.

Kama huniamini, chukua harmoniamu yake yoyote ya zamani, pasha kisu kwa maji ya moto, kiingize kwenye kiungo, unuse.

Ulisema nikuambie jingine lolote. Hakuna jingine.

Harshida


Kariakoo,
28 Februari 2025

Harshida,

Jai Shri Krishna. Hiral hajambo. Ameushinda moyo wa bhabhi yako kwa siku mbili, sijui kwa dawa gani. Mimi nimejaribu miaka thelathini na nane. Anafanya mazoezi ya ubao kwenye baraza ya juu na mafundi wa ghorofa wanamtazama wakidhani anaumwa. Hajaniuliza chochote. Juzi tu, nilipokuwa nampa chai, alisema, "Mjomba, nikikosa sitakulaumu." Ningependa zaidi kama angenilaumu.

Barua yako sikuijibu kwa sababu nilikuwa sikuamini, na nilikuwa na hasira nawe kuliko nilivyowahi kuwa. Niliichukua harmoniamu ya Bapuji mwenyewe, ile ya mwaka wa 1977 iliyo juu ya kabati, ili nikuandikie kwamba umemsingizia marehemu. Nilipasha kisu. Kiungo kilifunguka kwa upole, tik, bila kuumiza mbao, kama kilikuwa kinasubiri kuombwa. Harufu ilipanda. Ni ile ile ya kwenye kikombe.

Nilikaa chini. Leodegar alipita akauliza kama naumwa presha. Miaka yote nimeifuta vumbi harmoniamu hiyo kabla ya kuwasha taa. Nilimkasirikia Bapuji, nikamwonea huruma, nikamkasirikia tena. Halafu nilijaribu kukumbuka mikono yako ulipokuwa mdogo, na sikukumbuka. Hilo ndilo linaloniuma.

Shingo nimeitoa. Ilinichukua siku tisa kwa siki ya moto na mvuke, kwa sababu gundi nyeupe haiombwi, inang'olewa. Nilikuwa roho juu kila saa kwamba ulimi utavunjika. Umemeguka kipande kidogo kama ukucha, nimekirudisha. Masalia yote nimeyakwangua, mbao iko safi inasubiri.

Zimebaki siku kumi na tano. Nimewaza hivi. Leodegar amekubali kutuachia ua wake. Njoo, uipike huko kwake, wewe unajua. Yeye atapaka kwa mikono yake, mimi nitasimama mlangoni nielekeze namna ya kubana. Karakana itabaki ilivyo na selo litapona. Picha ya Shrinathji nitaifunika siku hiyo, kwa tahadhari. Naona hapo hakuna anayeumia.

Kaka yako,
Ghanshyam


Mwanza,
3 Machi 2025

Motabhai,

Jai Shri Krishna. Magoti yangu hayajambo na duka halijambo.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Ya kwanza nililia, pale uliposema kuhusu mikono. Ya pili nilifika mwisho nikaelewa unachoniomba. Ni kile kile alichoniomba Bapuji. Niende uani, mlango ufungwe, nichochee, na wewe ubaki safi. Umeongeza Mchaga tu.

Sitakuja kwa masharti hayo, hata kama mtoto wangu atakosa nafasi, na unajua ninavyomtaka aipate. Nimemweleza Hiral kwa simu kwamba huenda selo lisiwe tayari. Akasema ubao wake bado anao. Nilikata simu kwa sababu sikutaka asikie sauti yangu.

Nitakuja kwa sharti langu. Tutaipika mbele, ndani ya karakana, mchana, mlango wazi wa barabarani, kila mpita njia wa Msimbazi anuse. Shrinathji asifunikwe. Alikuwa pale Bapuji alipokuwa akifunga mlango wa uani, hakuna jipya atakaloliona. Na wewe ndiye utakayechochea. Mimi nitashika brashi na nitaiweka shingo, kwa sababu hiyo ndiyo kazi niliyotamani kupewa.

Ukikataa, sitakuchukia. Ila usiniandikie tena.

Harshida


Kariakoo,
Jumatano, 5 Machi 2025

Ben, dada yangu,

Jai Shri Krishna. Barua yako imefika saa nne asubuhi, na sasa ni saa sita.

Nilikaa nayo mbele ya taa. Nilichokiona ni wewe tu, mtoto, kwenye kigoda. Basi nikafungua mlango wa mbele, nikachukua kopo, nikazimwaga punje kwenye bakuli la maji baridi. Sikumtuma Leodegar. Nilizigeuza kwa mkono huu wa kulia aliokuwa ameushika Bapuji. Nimeunawa mara mbili, harufu haijatoka.

Naogopa, Harshida. Sijui kesho asubuhi nitaiwashaje ile taa.

Bhabhi yako hataki bakuli hili ndani ya friji yake, na joto la hapa unalijua. Ukiipata hii, panda basi la kwanza.

Ghanshyam